Siga nzito: Partagás D4, Padrón 1964 au Joya Antaño? (ulinganisho)

MwanaUpanga: Wakuu, nataka kulinganisha siga tatu nzito: Partagás Serie D No. 4 ya Cuba, Padrón 1964 Anniversary (saizi ya Exclusivo, maduro, yaani yenye jani la nje jeusi) na Joya de Nicaragua Antaño 1970. Ipi inafaa kuwa kipimo kwa anayejifunza kuonja? Na nizionje vipi ili nisibahatishe?

Ligero: Tenganisha kwanza nguvu, uzito na ladha, maana hapo ndipo wengi huchanganya. Nguvu ni nikotini, utaisikia kichwani na tumboni. Uzito ni namna moshi unavyojaa kinywani. Fikiria chai ya rangi na chai ya maziwa. Ladha ni habari nyingine kabisa. Kwa nguvu, Antaño iko mbele. Kwa uzito naipa Padrón: moshi mnene, kakao, kahawa chungu, lakini haikwaruzi koo. D4 ina udongo, ngozi na pilipili manga, na ndiyo inayobadilika zaidi kutoka theluthi moja ya siga hadi nyingine. Kwa kujifunza, anza na D4.

Nguvu hutoka kwenye ligero, yaani majani ya juu ya mmea yanayopigwa na jua kuliko mengine. Ni mazito, yana mafuta na huungua polepole, ndiyo maana msokotaji huyaweka katikati. Yakisogea pembeni, upande huo utabaki nyuma kuungua.

Angalia na vipimo. D4 ni milimita 124 kwa unene wa 50, yaani 50/64 ya inchi, karibu milimita 20. Exclusivo ni inchi 5½ kwa 50, imebanwa ikawa na pembe nne. Tafuta Antaño yenye unene wa karibu na huo. Siga ikiwa nyembamba, jani la nje hutawala ladha na ulinganisho unapotea.

Bi_Majivu: Naongeza utaratibu. Kata milimita 2 tu za kofia, yaani kipande cha jani kinachofunga ncha ya kuvutia. Ukipita bega lake, pale ncha inapoanza kujipinda, jani la nje litafumuka. Kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu. Ikiwa ngumu kuvuta, ibinyebinye taratibu kutafuta fundo. Fundo likiwepo, usiipe alama za ladha, maana moshi mchache huchachua kila kitu.

Washa kwa gesi, si kiberiti cha petroli wala mshumaa wenye manukato. Shikilia moto chini ya mguu wa siga (ncha ya kuwashia) bila kuugusa, zungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute. Usipeleke moshi mapafuni. Vuta mara moja kwa dakika, basi. Ukiharakisha, siga inapata joto na uchungu, halafu utailaumu bure. Uchungu ukishaanza, puliza nje kupitia siga mara moja au mbili, kisha iache ipoe kidogo.

Kila theluthi, toa moshi kidogo sana wa kinywani kupitia puani. Pilipili na mdalasini huonekana huko zaidi kuliko ulimini. Andika papo hapo. Usihukumu kwa sentimita mbili za mwanzo. Antaño huanza kwa pilipili kali halafu hutulia.

KokaKavu: Je, zote tatu jioni moja?

Bi_Majivu: Hapana! Moja kwa siku, saa ileile, baada ya chakula kilekile, na maji tu pembeni. Nikotini ya siga hupenya hata kupitia utando wa mdomo, kwa hiyo mwenye tumbo tupu atatoka jasho na kichefuchefu. Ikitokea, weka siga chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari.

PwaniBoksi: Mnasahau utunzaji. Dar na Mombasa tatizo ni unyevu kuzidi, si ukavu. Tumia boksi linalofunga kabisa na pakiti za unyevu za 65%. Zikae humo wiki kadhaa zote pamoja, la sivyo utakuwa unalinganisha unyevu. Joto likipita nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa, utaona vitundu kama vya sindano. Dawa: friji siku moja, friza siku tatu, friji siku moja. Ukiruka friji, jani linapasuka.

Ligero: 65% sawa kwa D4. Padrón maduro ina jani nene, hata 68% inaungua vizuri.

PwaniBoksi: Kwa ulinganisho, namba moja kwa zote. Ukimaliza kulinganisha, ipe kila siga unyevu unaoifaa.

KokaKavu: Na tumbaku yetu ya Tabora haiwezi kutengeneza siga kama hizi?

Ligero: Ya Tabora na Urambo ni Virginia, hukaushwa haraka kwa joto la bani (banda la kukaushia) na kubaki na sukari, ni ya sigara. Jani la siga hukaushwa kwa hewa, kisha huchachushwa kwenye marundo. Barani Afrika, nchi inayojulikana zaidi kwa jani la nje la siga ni Kamerun.

Bi_Majivu: Mkuu MwanaUpanga, kwa D4 kagua chini ya boksi: muhuri uliochomwa kwenye mbao wa "Hecho en Cuba, Totalmente a mano", pamoja na msimbo wa kiwanda na mwezi. Ukiuziwa moja moja bila kuonyeshwa boksi, anza na Padrón.