Miwani ya VR (uhalisia pepe) ya bei nafuu kwa gemu: ipi nichukue, ipi nikwepe?

mpenzi_gemu
Wakuu, bajeti ni ndogo. Ninalinganisha vitu vitatu: boksi la kuchomeka simu, HP Reverb G2 iliyotumika (miwani ya kuchomeka kwenye kompyuta), na Quest 3S ya Meta (inayojitegemea bila kompyuta). Kompyuta ina Windows 11 toleo la 24H2. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

lenzi_safi
Boksi la simu liache kabisa. Simu inasoma kichwa kinavyogeuka tu. Ukiinama au ukipiga hatua haina habari, kwa hiyo mwili umesogea lakini macho yanaambiwa umetulia, na kichefuchefu kinaanzia hapo. Halafu halina kontrola za mikono miwili zinazofuatiliwa, na gemu nyingi nzuri zimejengwa juu ya hizo. Video za nyuzi 360 sawa, gemu hapana.

Oculus Rift ya 2016, miwani ya kuchomeka kwenye kompyuta, ilianza kwa dola 599, na bado ulihitaji kompyuta yenye nguvu. Quest 2 ilipotoka 2020 kwa dola 299 bila kuhitaji kompyuta wala kebo, wanunuzi wengi wapya wakaingia. Piga hesabu ya vyote unavyohitaji ili ucheze, usitazame bei ya miwani peke yake.

fundi_kebo
Mkuu, Reverb G2 isikushawishi. Skrini yake ni nzuri kweli, 2160 × 2160 kwa kila jicho, ila inategemea Windows Mixed Reality, programu ya Windows ya kuendesha miwani ya VR, na Microsoft iliiondoa kuanzia toleo hilohilo la 24H2 ulilonalo.

Chukua 3S. Prosesa na RAM ya GB 8 ni sawa na za Quest 3, ndugu yake wa bei ya juu, kwa hiyo gemu zinakwenda vilevile. Walipobana gharama ni kwenye lenzi za Fresnel (za bei nafuu, zenye miduara) na skrini ya 1832 × 1920: katikati picha ni kali, pembeni inafifia.

Umbali kati ya lenzi mbili una nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Pima kwanza umbali kati ya mboni zako. Simama mbele ya kioo, weka rula juu ya pua, fumba jicho la kulia, sifuri ikae katikati ya mboni ya kushoto. Usisogeze kichwa, badilisha jicho, kisha soma namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Ukiwa mbali na nafasi hizo, ivae kwanza ndipo ununue.

Ikiwa imetumika, fungua ukurasa mweupe utafute madoa: jua likipita kwenye lenzi huunguza skrini, na haitengenezeki kirahisi. Muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako.

mpenzi_gemu
Asanteni. Na gemu za kwenye kompyuta, 3S itazicheza?

fundi_kebo
Ndiyo, kwa Steam Link, programu inayorusha gemu za kompyuta hadi kwenye miwani, ilimradi kadi ya grafiki inaziweza. Kompyuta iunge kwenye ruta kwa kebo. Miwani itumie Wi-Fi ya GHz 5, ruta ikiwa chumba kilekile. Watu huacha kompyuta nayo kwenye Wi-Fi, picha inakatika, lawama zinaenda kwa miwani.