Naomba ushauri: bodi ya kutenganisha maikrokontrola na saketi ya sauti

Wakuu, habari zenu. Ninabuni priamplifaya inayotumia chipu ya PGA2311 kupandisha na kushusha sauti, na inayoiongoza ni ESP32, maikrokontrola yenye Wi-Fi ndani yake. Kila Wi-Fi inaporusha data, spika zinatoa tiktiki. Graundi ni moja, hivyo nataka bodi ndogo katikati itakayokata kabisa njia ya umeme kati ya pande hizo mbili.

PC817, optokapla ya kawaida (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme), ina kasi ndogo mno kwa nyaya za SPI, yaani zile zinazopeleka amri kwa PGA2311. Hiyo nitaiachia relei ya kunyamazisha sauti. Nimebaki na 6N137 tatu, optokapla za kasi ambazo zinageuza mawimbi juu chini, au ADuM1401 moja, kitenganishi cha kidijitali ambacho pia kinavusha ishara za volti 3.3 kwenda 5. Moyo uko kwa hii ya pili.

Kinachoniumiza kichwa hasa ni umeme wa upande wa sauti. Nikitumia kigeuzi kidogo cha DC kilichotenganishwa kama B0505S, naogopa makelele ya masafa ya juu yatapenya humo humo ndani yake, na kazi yote iwe bure. Je, nitumie tu transfoma yenye koili mbili tofauti? Na shaba ya bodi chini ya chipu ya kutenganisha niiondoe kwa upana gani?