Nzi mchimba majani kwenye njegere: nieleze vipi maumbile yake?

Mwanafunzi_Kinangop

Habari zenu nyote. Ninaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo kuhusu nzi wachimba majani niliowakusanya katika shamba la njegere huko Kinangop, nami ninaamini kuwa ni *Liriomyza huidobrensis*. Maelezo yangu ya kwanza yalisema: "Nzi mdogo, mweusi mgongoni na wa manjano tumboni, mwenye urefu wa milimita 2 hivi." Msimamizi ameyarudisha, akisema kuwa maneno hayo yanawafaa pia *L. trifolii* na *L. sativae*, ambao wote wawili wapo Kenya. Ninayo lenzi ya mkononi, na mara moja kwa wiki ninaruhusiwa kutumia hadubini. Ni viungo gani hasa nivieleze ili msomaji asiweze kuwachanganya?

Mzee_wa_Hadubini

Msimamizi wako amekutendea haki, kwa sababu jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 300, na nyingi kati yake zimevaa sare hiyohiyo nyeusi na manjano, pamoja na ile ngao ndogo ya manjano iliyo nyuma ya kidari.

Anza na kichwa. Nyuma ya pembe ya juu ya kila jicho kuna nywele mbili ngumu za utosini, moja ya ndani na moja ya nje, na jambo la kuandika ni rangi ya mahali zilipoota. Kwa *huidobrensis* zote mbili huota penye weusi. Kwa *trifolii* zote mbili huota penye manjano. Kwa *sativae* ile ya nje huota penye weusi, ilhali ya ndani huwa kwenye manjano au mpakani kabisa. Kisha utazame mgongo wa kidari: wa *sativae* ni mweusi unaong'aa, wa *trifolii* una weusi wa kijivu uliofifia kama uliopakwa vumbi. Mapaja ya *huidobrensis* ni ya manjano yenye michirizi myeusi, ambayo kwa baadhi ya nzi huwa mingi hata manjano yakakaribia kupotea.

Baada ya hapo njoo kwenye ubawa, ambao mimi huuamini kuliko rangi yoyote. *Huidobrensis* ndiye mkubwa kati ya hao watatu, kwani ubawa wake una urefu wa milimita 1.7 hadi 2.25. Utafute mshipa wa nyuma unaokatwa na mshipa mfupi wa kukingama, kisha ulinganishe kipande chake cha mwisho, kinachofika ukingoni, na kipande kinachokitangulia. Kwa *huidobrensis* kipande cha mwisho ni mara 2 hadi 2.5 ya kile cha kabla yake. Kwa wale wengine wawili ni mara 3 hadi 4.

Mama_Njegere

Naongeza machache kutoka shambani, mwanangu. Usieleze rangi ya nzi aliyetoka kwenye pupa saa hiyohiyo, kwa kuwa mwili wake bado ni laini na rangi haijakomaa. Mwache siku moja akiwa hai ndani ya chupa yenye kitambaa chepesi mdomoni. Vilevile usitupe majani. Funza wa *huidobrensis* hupenda kufuata mshipa mkuu na mishipa ya pembeni, na mara nyingi hula upande wa chini wa jani, ilhali mapito ya *trifolii* huonekana zaidi upande wa juu, yakiwa yamejikunja na kubanana. Hata hivyo umbo la mapito hubadilika kulingana na mmea na wingi wa funza, kwa hiyo liandike kama ushahidi wa kuunga mkono tu.

Ukipata funza aliyekomaa, tazama vitundu vya kupumulia vilivyo mwishoni mwa mwili: *huidobrensis* ana 6 hadi 9 kila upande, vimepangwa kama mwezi mwandamo, nao wengine wana 3 tu. (Wako wanaoleta ofisini majani ya nyanya yenye mabaka mapana wakidai ni nzi huyu, kumbe ni kantangaze, ambaye ni nondo.)

Mwanafunzi_Kinangop

Nawashukuru sana, Mzee na Mama. Leo nimewapima nzi wanane: nywele zote za utosini zimeota penye weusi, na kipande cha mwisho cha mshipa ni zaidi kidogo ya mara 2. Je, hayo yanatosha kuandika jina la spishi bila alama ya kuuliza?

Mzee_wa_Hadubini

Bado, ikiwa una dume. Kata ncha ya fumbatio lake, uichemshe taratibu katika mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 10, uisuuze, kisha uiweke kwenye tone la glisirini chini ya hadubini. Mwisho wa kiungo cha uzazi cha *huidobrensis* una vifuko viwili vinavyogusana kwenye kingo tu. *Trifolii* na *sativae* wana kifuko kimoja, ambacho kwa *trifolii* kimebanwa sana katikati na kwa *sativae* kimebanwa kidogo. Chora unachokiona kabla ya kukiandika, na mabaki ya mwili uyahifadhi katika kichupa kimoja na kiungo hicho, yakiwa na lebo ya mahali, tarehe na mmea.