Mjadala: Je, "upungufu wa chi" ni jina la ugonjwa?

Ndugu wasomaji, mwezi Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha toleo la kumi na moja la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na humo kwa mara ya kwanza kukawekwa sura ya tiba ya jadi yenye asili ya China ya kale. Kwa sura hiyo, daktari anaweza kuandika kwa namba rasmi kwamba mgonjwa ana upungufu wa chi ya wengu; chi ni kile ambacho tiba hiyo husema hupita mwilini na kuupa uhai. Wanaoiunga mkono wanasema mamilioni ya watu tayari hutibiwa kwa njia hiyo, hivyo ni bora ihesabiwe kuliko iachwe gizani; wanaoipinga, likiwamo jarida la sayansi la Nature, wanasema Shirika la Afya Duniani limeipa heshima ya sayansi nadharia ambayo haijathibitishwa. Msimamo wangu ni kwamba tiba ya sindano, ambayo wengi huiita akupancha na ambayo huchoma sindano mwilini ili, kwa nadharia hiyo, chi ipite vizuri, ina nafasi yake hospitalini, lakini chi haifai kuandikwa kama ugonjwa.

Kabla ya yote turekebishe neno lenyewe. Tumezoea kuambiwa kwamba chi ni "nishati", na tafsiri hiyo ndiyo inayotupoteza, kwa sababu mtu akisikia nishati hufikiria umeme unaopita kwenye waya. Aliyeieneza zaidi ni Mfaransa George Soulié de Morant, aliyewahi kuwa mwanadiplomasia nchini China, katika kitabu alichochapisha mwaka 1939. Mwanahistoria Paul Unschuld wa Ujerumani ameeleza kwa kirefu kwamba maana hiyo haimo katika maandishi ya kale. Alama ya Kichina ya chi huchorwa kama mvuke ulio juu ya mchele. Waandishi wale walikuwa wakisema juu ya pumzi, mvuke na hewa inayoingia na kutoka mwilini, na neno letu "pumzi" lina ukaribu zaidi na maana hiyo. Yini na yangi, pande mbili zinazopingana ambazo tiba hiyo hutaka ziwe na mizani mwilini, nazo zilianza kwa kutaja ubavu wa kilima wenye kivuli na ule wenye jua. Mtu wa pwani hawezi kuliona wazo hili la mizani kuwa geni, kwani bibi zetu walitugawia vyakula vya joto na vya baridi, na wazee walipigwa chuku ili kutoa damu mbaya, kwa elimu iliyotoka kwa Wagiriki ikapita kwa Ibn Sina na matabibu wa Kiarabu hadi kutufikia.

Wapo wanaosema kwamba jambo lililodumu miaka elfu tano haliwezi kuwa uongo. Hesabu hiyo haisimami. Katika makaburi ya Mawangdui, karibu na mji wa Changsha nchini China, yaliyofukuliwa miaka ya 1970, yalipatikana maandishi ya tiba yaliyozikwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Yanataja mishipa kumi na mmoja, yaani njia za chi, na kuipasha joto kwa kuchoma majani ya mpakanga, lakini sindano hazimo kabisa. Ni katika Huangdi Neijing, kitabu cha tiba kilichokusanywa baadaye, ndipo tunapokuta mishipa kumi na miwili inayolinganishwa na mito kumi na miwili ya nchi, na vituo 365 vya kuchoma sindano, sawasawa na siku za mwaka. Mimi naiona fikra hiyo kuwa nzuri mno: watu wa dola lililounganishwa kwa mito na mifereji waliuona mwili kama nchi, ambamo maji yakikwama mahali pamoja, shamba la mbali hukauka. Hata hivyo, mwili haukupimwa ndipo ukahesabiwa 365. Kalenda ndiyo iliyotangulia.

Ushahidi unaonipa uzito zaidi unatoka Ujerumani. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, kati ya waliochomwa sindano kwenye vituo vya jadi, asilimia 47.6 walipata nafuu; kati ya waliochomwa juujuu mahali pasipo kituo chochote, asilimia 44.2; na kati ya waliopewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi, asilimia 27.4. Sindano, basi, ziliwasaidia watu karibu mara mbili ya matibabu ya kawaida, na sikubaliani na wanaosema hazina faida yoyote. Lakini kama mahali pa kuchoma hapabadilishi sana matokeo, ramani ya njia za chi imefanya kazi gani? Bima za umma za Ujerumani zililipia tiba hiyo kwa mgongo na goti bila kumtaka yeyote aikubali chi.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazomeza tukiugua malaria. Mfano huo ni wa kweli na unanifurahisha, lakini tuutazame vizuri. Katika kitabu cha karne ya nne cha tabibu wa China Ge Hong alikuta agizo la kuloweka mmea kwenye maji na kuukamua, akahisi kwamba joto la kuchemsha huenda ndilo linaloharibu dawa, akaitoa kwa joto dogo na kuijaribu kwa wanyama, kisha kwa watu. Alichokichukua kwa wahenga ni mmea na namna ya kuuandaa, navyo akavipima.

Wala si haki kudai kwamba anayeihoji chi anawadharau Wachina. Mwaka 1822 mfalme Daoguang mwenyewe aliiondoa tiba ya sindano katika chuo cha matabibu wa kasri, na mwaka 1929 wajumbe wa serikali ya China walipendekeza kuifuta tiba ya jadi yote, hadi matabibu walipokusanyika Shanghai kupinga. UNESCO nayo, ilipokutana Nairobi Novemba 2010, iliiweka tiba ya sindano katika urithi wa utamaduni usioshikika, na hapo naiona imewekwa panapoistahili.

Hofu yangu inamhusu mgonjwa. Mama anayechoka, anayekosa hamu ya kula na kukonda anaweza kuambiwa kwamba chi ya wengu wake imepungua, akarudi nyumbani ameridhika, kumbe ana kifua kikuu au saratani ya tumbo. Wanaotetea sura ile hujibu kwamba namba zake zinapaswa kuandikwa pamoja na utambuzi wa kawaida. Nawaomba basi watueleze: pale ambapo hakuna maabara, nani atahakikisha kwamba ile namba ya pili imeandikwa?