"Mtaalamu wa mitandao" kaniwekea NGURUWE kwenye tangazo la futari. Tanga tumekosa nini?

Sufuria la Ngamiani
Wakuu, mikono inanitetemeka, mkiona herufi zimerukana mnisamehe. Jina simtaji na sina haja ya kumtaja. Tanga hii nani hamjui? Yule wa begi la mgongoni na kompyuta iliyojaa stika, anayezunguka duka kwa duka Barabara ya 13 akisema "mama, biashara isiyo mtandaoni imekufa". Huyo huyo.

Mie napika. Ngamiani nzima inajua, na Makorora inajua. Ramadhani hii nikamkabidhi Facebook na Instagram ya biashara yangu anitangazie futari na mbuzi mzima wa kuchoma. Hela ya mwezi nikampa mkononi, mbele. Nikamtumia na picha za mbuzi WANGU, niliyemchoma mwenyewe, kalazwa juu ya sinia la pilau, ndimu pembeni, anang'aa mafuta. Picha ukiitazama unasikia harufu ya iliki.

Leo alasiri, watu midomo imekauka, mtaalamu anapandisha tangazo: "FUTARI YA KISHUA! MBUZI MZIMA, LAINI, KARIBUNI WAUMINI." Chini ya maneno hayo kaweka NGURUWE.

Si kipande cha nyama mtu akasema hakijulikani. Nguruwe mzima, na masikio yake, na epo jekundu mdomoni. Ni nani kwenye ardhi hii ya Mungu anayemtia mbuzi epo mdomoni? Na ile pua! Mbuzi gani mwenye pua kama soketi ya ukutani?

Nikampigia. Hapokei. Nikapiga mpaka simu ikawaka moto sikioni. Alipopokea, wallahi sikuongezi neno, akaniambia: "Mama, tulia. Lakini komenti zimepanda."

KOMENTI ZIMEPANDA!

Kwani zisipande zina nini? Mwalimu wangu wa madrasa kaandika pale "Innalillahi". Wifi yangu kauliza kama nimeritadi. Bibi harusi aliyeniwekea oda ya Idi kaandika "nitakutafuta" na mnajua maana yake, hatafuti mtu. Halafu mtoto wa watu ananiambia komenti zimepanda!

Namwambia futa, anasema yuko Pongwe, chaji inakata. Mwenyewe siwezi kufuta, kurasa zote kazifungua kwa namba yake na nywila anayo yeye. Picha zangu kasema "hazina mvuto", akaenda kuokota ya kwenye intaneti. Na hao wafuasi anaojivunia, majina hata kuyatamka ulimi unagoma, wengine wako Brazil. Mbrazili ataagiza tambi zangu zimfikie kwa basi la kutoka Kange?

Adhana imeshapita, sijatia hata tende mdomoni. Na nguruwe bado yupo.

Baiskeli ya Makorora
Uzi bila picha haunogi. Mlete tumuone.

Sufuria la Ngamiani
Nimlete wa nini tena? Ingia kwenye ukurasa wangu, katulia na epo lake!

Chungwa la Muheza
Nimeingia, nimerudi. Kweli ni mwenyewe. Ila dada, tuseme haki, komenti zimepanda.

Fundi Redio Chumbageni
Mleta uzi, soketi za ukutani za kwetu zina tundu tatu. Pua ya yule mnyama ina mbili. Tusidanganyane.

Sufuria la Ngamiani
Mwanangu, mie nalia hapa unanihesabia tundu?

Mpiga Chapa wa Kange
Dada pole sana. Niseme moja la maana halafu waendelee kucheka. Ukurasa wa biashara unafunguliwa kwa akaunti ya mwenye mali. Kijana unamuongeza baadaye, unampa ruhusa ya kuandika tu, siku mkikosana unamtoa na ukurasa unabaki wako. Yeye kageuza, duka lako kaandika jina lake. Picha imetokea kote kuwili kwa sababu kaziunganisha, Facebook na Instagram ni za tajiri mmoja tangu 2012. Tangazo la kulipia nalo unachagua eneo, unaweka Tanga mjini na kilomita kadhaa za kuizunguka. Ukiona wafuasi wa Brazil ujue kanunua wafuasi wa bandia wa kupamba namba, na hao hawali futari ya mtu. Sasa hivi kila aliyeko humu aripoti ile picha. Na wewe fungua WhatsApp Business, ipo tangu 2018, haidai hata senti, unapanga vyakula vyako na bei zake, watu wanaagiza.

Sufuria la Ngamiani
Ahsante kaka, Mungu akulipe. Lakini nguruwe atoke kwanza. Kila nikifumba macho naiona ile pua.

Baiskeli ya Makorora
Nimeripoti. Wamenijibu picha haina tatizo lolote 😂😂

Kinyozi wa Chuda
Dada wewe una nafuu, nguruwe utamfuta. Huyo huyo wa begi nilimpa ukurasa wa saluni yangu. Mie ni African Sports, baba African Sports, babu African Sports, kiti cha saluni kimepakwa rangi ya African Sports. Naamka asubuhi nakuta "WAGOSI WA KAYA TUNAWANYOA NUSU BEI". Wagosi wa Kaya ni Coastal Union, mahasimu wetu wa mpira! Wateja wa miaka yote wananipita mlangoni kama hawanioni. Nikimuuliza, ananijibu eti Coastal ndiyo inatafutwa sana mtandaoni!

Mgosi wa Kisosora
Kakupandisha hadhi bure na bado unalalamika. Coastal Union bingwa wa nchi 1988. Nyie mna nini?

Kinyozi wa Chuda
1988! Mwenye Facebook alikuwa ananyonya. Leteni na habari za 2016 mlivyoshuka daraja.

Mgosi wa Kisosora
Tulishuka sisi, mkashuka nyie, Mgambo JKT naye akashuka, msimu ule ule. Mkoa mzima ulibaki unasikiliza Ligi Kuu redioni. Angalau sisi tulirudi.

Chungwa la Muheza
Msimu ule usikumbushwe kabisa, nilikuwa na shati la Mgambo.

Sufuria la Ngamiani
Jamani. Nguruwe. Bado yupo. Sasa komenti ziko mia nne na hakuna hata mmoja aliyeagiza kaimati!

Fundi Redio Chumbageni
Mia nne na kumi na mbili, nimetoka huko sasa hivi. Kuna mmoja kauliza bei.

Sufuria la Ngamiani
Bei ya NINI?

Dada wa Raskazone
Mmegusa bei mmenigusa kidonda. Mie wanaonitia wazimu ni wanaoweka nguo mtandaoni bila bei. Unauliza kistaarabu, "dada hili dera kiasi gani?" Jibu: "njoo inboksi". Kwani bei ni siri ya ndoa? Unaingia inboksi, anakuuliza uko wapi. Unamwambia Raskazone. Dera la elfu kumi na tano linakuwa thelathini, kisa nakaa karibu na bahari!

Baiskeli ya Makorora
Raskazone lazima mlipe. Soko la Deep Sea na samaki ni hivyo hivyo, wakikuona umeshuka kwenye gari, changu anapanda bei akiwa bado anapumua.

Mgosi wa Kisosora
Changu wa siku hizi ni wa barafu. Wale wa kweli wanapelekwa Dar usiku.

Kinyozi wa Chuda
Hata samaki Coastal mnawajua kuliko mpira.

Sufuria la Ngamiani
Kapokea simu! Kasema kafika kwenye chaji. Anasema kabla hajafuta nimruhusu kwanza azipige picha zile komenti, akawaonyeshe wateja wake wengine. NINAKWENDA PONGWE USIKU HUU.

Mwenye Duka Mwakizaro
Dada wa Raskazone, hilo dera ulilouliza ni lile la bluu lenye maua?

Dada wa Raskazone
Hilo hilo. Unalo? Bei gani?

Mwenye Duka Mwakizaro
Njoo inboksi.