Kona ya msingi: 8, 6 na 10.06

Mama Neema: Shikamooni. Msingi wa sebule: ukuta mrefu mita 8, mfupi mita 6, kona kwa kona mita 10 na sentimita 6. Fundi anataka kumwaga zege kesho. Imekaa skwea?

Mjomba: Marahaba. Asimwage. 8 mara 8 ni 64, 6 mara 6 ni 36, jumla 100. Ulalo ulitakiwa uwe 10 kamili. 10.06 mara 10.06 inakuja 101.2, imezidi. Kona imepanuka kupita nyuzi 90.

Mama Neema: Sentimita 6 tu, plasta haitaficha?

Mjomba: Hizo 6 ni za ulalo. Mwisho wa ukuta mfupi umetoka nje sentimita 7.5: chukua 6, zidisha kwa 10, gawa kwa 8. Plasta gani itameza hiyo? Na vigae vitakuumbua.

Baba Juma: Kwani hakuweka kona kwa pembetatu ya mita 3-4-5?

Mjomba: Hiyo ni ndogo kwa nyumba. Ukikosea sentimita 1 kwenye ile 5, ukuta wa mita 12 unapinda sentimita 5. Tumia 9-12-15, kosa hilohilo halifikishi hata 2. Na pande zote tatu zipimwe kwa futi kamba ileile, ivutwe ikaze. Wanaoanzia alama ya sentimita 10 kwa sababu kulabu ya mwanzo wa futi imelegea, wakumbuke kutoa hiyo 10.

Neema: Shangazi, swali la shule: 17, 8, 15. Nimejumlisha 289 na 64 nikapata 353, na 15 mara 15 ni 225. Si pembetatu mraba?

Shangazi: Umeteleza mwanzoni, mwanangu. Namba hazikupangwa. Iliyo kubwa kuliko zote ikae peke yake. 64 na 225 ni 289, na 17 mara 17 ni 289. Ni pembetatu mraba.

Neema: Na 6, 8, 15?

Shangazi: 6 na 8 ni 14, hazifiki 15. Hapo hakuna pembetatu yoyote, ncha hazikutani. Anza kuangalia hilo kabla hujazidisha chochote.

Mama Neema: Mjomba, fundi anasema kapima ulalo zote mbili, kila mmoja 10.06. Zimelingana, kwa hiyo ni skwea.

Mjomba: Kulingana peke yake hakutoshi, lazima na kuta zinazotazamana zilingane. Apime ukuta wa mkabala na ule wa mita 8. Atakuta 8.15.

Mama Neema: Kapima. 8.15 kweli!

Mjomba: Kona zote mbili zimepanuka. Kamba ya mita 8 aiache ilivyo. Vigingi viwili vya upande wa pili viingie ndani sentimita 7.5 kila kimoja, ile 6 aishike palepale, kisha apime ulalo upya. Zote zisome 10.00 ndipo aagize kokoto.