Faiba ya zamani 62.5/125, mita 380: gigabiti inagoma

NetiNyegezi: Habarini wakuu. Kati ya ofisi na ghala hapa Nyegezi, Mwanza, kuna faiba ya mita 380, nyuzi 6, ganda limeandikwa 62.5/125 (unene wa kiini na wa uzi, kwa mikroni), vichwa ni ST (vya zamani vya kuzungusha). Miaka yote imebeba megabiti 10 kwa sekunde kupitia konveta (vigeuzi vya umeme kuwa mwanga) za 10BASE-FL. Sasa tumefunga swichi zenye SFP (moduli ndogo za mwanga za kuchomeka) za 1000BASE-SX, yaani gigabiti 1 kwa sekunde: linki inawaka na kuzima, hitilafu za CRC (data inayofika imeharibika) zinapanda. Kipima mwanga kinasoma upotevu wa desibeli 2.8 tu. Shida iko wapi?

FundiNyuzi: Mkuu, mwanga unao wa kutosha, usihangaike kukata vichwa upya. Kwenye maltimodi (faiba ya kiini kinene kama hii yako) mwanga hupita njia nyingi kwa wakati mmoja, na kila njia hufika kwa muda wake. Kwa megabiti 10 biti zimeachana mbali, hakuna madhara. Kwa gigabiti zinapandana, kipokezi kinashindwa kuzitenganisha. Ndiyo maana SX kwenye mikroni 62.5 inaishia mita 220 hadi 275, kutegemea daraja la nyuzi.

Weka SFP za LX (1000BASE-LX, gigabiti ya mawimbi marefu zaidi) pande zote, kila upande na kebo fupi ya kurekebisha modi, yaani njia za mwanga (mode conditioning), ile ya 62.5 na si ya 50. Mguu wake wenye singomodi (faiba ya kiini chembamba, njia moja ya mwanga) unachomekwa TX (tundu la kurusha), ili mwanga uingie pembeni kidogo ya kitovu cha kiini. Ukiuchomeka RX (tundu la kupokea) umepoteza hela. Hapo unafika hadi mita 550.

Kirumba_Kebo: Kama ghalani kuna kompyuta mbili na kamera chache, 100BASE-FX (megabiti 100 kwa sekunde) inatosha kabisa: kilomita 2 kwa nyuzi hizohizo, ikiwa full duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja). Badilisha pande zote kwa pamoja, maana 10BASE-FL hurusha nanomita 850 na FX 1300, haziongei. Na safisha ST kwa pombe ya isopropili kabla ya kuchomeka.

FundiNyuzi: Sawa, ila mkichimba upya, lazeni singomodi isiyo na chuma, ndani ya bomba la plastiki ngumu (HDPE). Kwa mawe ya Mwanza mtaro unakuwa wa juujuu, watu wanakimbilia kebo ya ala ya chuma, na radi za ziwani hupita kwenye chuma hicho jengo hadi jengo. Wakati wa kuvuta, nusu kipenyo cha kona kisipungue mara 20 ya unene wa kebo.

NetiNyegezi: Hii ya sasa ina chuma, na ghalani haina erthi.

FundiNyuzi: Basi fungeni erthi kwanza, pale kebo inapoingilia jengo, kabla ya swichi mpya.